Kitabu chekundu cha Murphy kwa mtoto wa fomu wani, maoni yangu baada ya kukitumia na mpwa wangu

Kama una mtoto katoka darasa la saba shule ya serikali na sasa yupo fomu wani au fomu tuu anahangaika na Kiingereza, nakwambia moja kwa moja, usikimbilie kile kitabu cha bluu cha sarufi cha Raymond Murphy ambacho kila mtu anakutajia, nunua chekundu. Na ukishanunua hicho chekundu ujue umefanya nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni kusoma, na huko kusoma, kitabu hiki hakikupi, inabidi ukutafute kwingine na bahati nzuri kunapatikana bure. Nitaongelea vyote viwili maana nimekaa na binti wa dada yangu na hiki kitabu tangu anaingia fomu wani na sasa yupo fomu tuu, nimeona kinapomsaidia na nimeona kinapoishia.

Tuanze na vitabu vyenyewe maana watu wanavichanganya sana. Cha bluu kinaitwa English Grammar in Use, kilitoka mara ya kwanza 1985. Chekundu ni Essential Grammar in Use, hicho kilitoka 1990. Vyote ni vya Cambridge University Press na mwandishi ni huyo huyo Murphy. Kuna na cha Advanced, hicho kaandika mtu mwingine, Martin Hewings, mtoto wa sekondari ya chini hakimhusu kwa sasa kwahiyo tukiache. Sasa waliopita chuo karibu wote wanakijua cha bluu ndo maana ukiomba ushauri wanakutajia hicho, na wala si kibaya, ni kizuri sana, ila kimeandikwa kwa mtu ambaye Kiingereza cha msingi tayari anacho. Fungua yuniti ya kwanza ya cha bluu uone, inaanza na "I am doing", maana yake am, is na are wameshachukulia unazijua. Halafu fungua chekundu, yuniti ya kwanza ni am, is, are zenyewe, ya pili ni namna ya kuulizia nazo maswali, ya tatu ndo unakutana na "I am doing". Mtoto wetu anatakiwa aanzie hapo, na hakuna aibu yoyote kuanzia hapo.

Na tuwe wakweli kuhusu hali yenyewe. Mtoto kasoma miaka saba hisabati kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengine na mara nyingi mwalimu mwenyewe analifundisha kwa Kiswahili. Inafika Januari anavaa sketi mpya, anaambiwa biology, geography, physics, karibu masomo yote sasa ni Kiingereza. Zile wiki za mwanzo za orientesheni zinasaidia kidogo lakini haziwezi kuziba pengo la miaka saba. Kinachofuata wengi mnakijua, mtoto anakopi notisi ubaoni vizuri kabisa, mwandiko safi, anakariri, ukimuuliza sentensi uliyoandika hapa inamaanisha nini anakuangalia tu. Huyu ni mtoto mwenye akili timamu, Kiswahili chake anaeleza mambo mpaka unashangaa, sasa anaonekana mzito darasani kwa sababu tu hana lugha ya kusomea. Mimi hili linaniuma kweli, na ndo maana nimekuwa mkali kwenye kuchagua kitabu, maana mtoto wa namna hii ukimpa kitabu kilichomzidi anajiona hawezi, anakifunga, na hakifungui tena.

Chekundu nilicho nacho ni toleo la nne la 2015. Kina yuniti 115 na kila yuniti ni kurasa mbili tu, kushoto maelezo na mifano na vipicha, kulia mazoezi ya hicho hicho kilichoelezwa kushoto. Kwangu huu mpangilio ndo sababu kubwa ya kukipenda. Mtoto akifungua anaona mwanzo na mwisho wa kazi yake ya leo kwa mara moja, hana haja ya kupekua kurasa kumi kutafuta zoezi liko wapi, na akikwama anageuza macho kushoto tu jibu la tatizo lake lipo pale pale. Maelezo ni mafupi, mifano ni mingi, na Kiingereza cha maelezo ni chepesi makusudi, hata yule asiyejua anafuata kwa kuangalia mifano. Nyuma kuna orodha ya verbs zile za kubadilika badilika kama go, went, gone, kuna kanuni za spelingi, kuna mazoezi ya ziada yanayochanganya yuniti kadhaa, kuna kurasa za kujipima ujue uanzie yuniti ipi, halafu majibu ya mazoezi yote. Hizo kurasa za kujipima watu wanazipita bila kuziona, msizipite, kitabu chenyewe hakijapangwa kisomwe kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, unatakiwa uende kwenye udhaifu wako. Ila kwa mtoto wa fomu wani mimi yuniti kama ishirini za mwanzo nilizifuata kwa mpangilio bila kuruka, kwa sababu hizo ndo uti wa mgongo, zinaanzia am, is, are zinapita present simple, past simple, mpaka present perfect, ile ya "I have done".

Tunavyokitumia ni hivi. Hakuna kuandika ndani ya kitabu, tumenunua kaunta buku, kila zoezi linaandikwa mle sentensi nzima nzima, si kujaza neno moja tu. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu zoezi linakwambia jaza nafasi, mtoto anaandika "is, are, am, is" anamaliza ndani ya dakika mbili hajasoma hata sentensi moja mpaka mwisho. Akiandika sentensi nzima mkono unazoea mpangilio wa maneno. Akimaliza anasahihisha mwenyewe kwa yale majibu ya nyuma, na kalamu nyekundu, halafu anaandika sentensi tano zake mwenyewe za mambo ya nyumbani kwao kwa kutumia kitu cha leo, na hizo tano ndo ninazosoma mimi. Kwenye zile tano ndo unajua kaelewa au kabahatisha, maana zoezi la kitabu unaweza kulipata lote kwa kuigiza mfano wa kwanza.

Nitoe mfano wa sehemu moja ambapo hiki kitabu kilinifurahisha. Sisi tunasema "nimemwona jana" bila shida yoyote, ni Kiswahili cha kila siku, kwahiyo mtoto anaandika "I have seen him yesterday" na haoni kosa liko wapi, na ukimwambia ni kosa anaona unamwonea. Shuleni alikuwa ameambiwa tu present perfect ni have au has halafu past participle, yaani ile verb ya tatu kama gone, akakariri fomula, fomula anayo lakini hajui wakati wa kuitumia. Chekundu kinakwenda polepole, kuanzia yuniti ya 15 kinakupa "I have done" peke yake, kisha just na already na yet, kisha ever, kisha how long, kisha for na since na ago, halafu ndo yuniti ya 20 inaweka "I have done" na "I did" ubavu kwa ubavu. Tulipofika hapo nikamwambia chukua penseli, kila sentensi yenye yesterday au last week au in 2010 zungushia hilo neno la wakati, halafu angalia verb yake. Akazungushia kimya kimya ukurasa mzima wa kopi niliyomtolea, akanyanyua kichwa akasema, "Mjomba, kumbe ikishatajwa lini have haikai." Nikamwambia ndiyo mpwa wangu, hivyo hivyo, andika kwenye daftari lako kwa maneno yako hayo hayo. Kanuni aliyoigundua mwenyewe mpaka leo hajaikosea, wakati ile fomula ya ubaoni alikuwa anaisahau kila wiki.

Sasa kasoro zake, maana zipo na nisipozisema nitakuwa sijawatendea haki. Kitabu kimeandikwa kwa mwanafunzi yeyote wa dunia hii, Mbrazili, Mturuki, Mjapani, hakimjui Mswahili anakosea wapi. Kuna mambo ambayo mtoto wetu anayakosea kila siku na kitabu kinayapita kwa mstari mmoja, na kuna mengine anayajua tayari na kitabu kinakaa hapo kurasa nne. Mlezi au mwalimu wa tuisheni inabidi aongeze mwenyewe. Kubwa la kwanza ni he na she. Sisi "anapika" ni anapika tu awe baba awe mama, kwahiyo unapata "My mother he is cooking", na angalia hapo kuna makosa mawili kwa pamoja, la he na la kutaja mtu mara mbili, maana Kiswahili kinasema "mama anapika" na ile "a" inabaki, mtoto anaibeba anaiweka kama he. Hili la "my father he works", "the teachers they said", utalikuta hadi kwa watu wazima wenye digrii. Sikulitegemea kwenye kitabu, nilitengeneza zoezi langu, sentensi kumi za watu wa nyumbani kwao, bibi, kaka, shangazi, anafuta neno lisilotakiwa.

La pili ni maswali. Kwa Kiswahili unasema "umekwenda wapi" bila kugeuza mpangilio wa maneno, imeisha, kwahiyo anaandika "You went where?" na akijifunza did anaandika "Where did you went?" Hapa kitabu kimejitahidi sana, do na does zina yuniti ya maswali peke yake na ya kukanusha peke yake, did nayo ina yuniti yake inayobeba vyote viwili, fanyeni zote na mkimaliza mrudie. La tatu ni kujibu. Ukimuuliza mtoto kwa Kiswahili "hujala?" anajibu "ndiyo, sijala", kwa Kiingereza ukimuuliza "Haven't you eaten?" anajibu "Yes, I haven't", na mwalimu anacheka darasa zima linacheka, wakati mtoto kajibu kwa mantiki ya lugha yake kabisa. Mwelezeni tu kwamba Kiingereza kinaangalia umekula au hujakula, hakiangalii swali limeulizwaje. Akielewa hilo hata wa fomu foo watamuuliza.

Na la nne ni a na the, ambazo sisi hatuna kabisa. Kuna rundo la yuniti za hizi katikati ya kitabu, zile za sitini na kitu kwenda sabini na kitu, na ni nzuri, ila msitegemee mtoto azimalize azijue, hii ni kitu kinachoingia kwa kusoma sana si kwa kanuni. Vivyo hivyo in, at na on ambazo zipo mwishoni mwishoni kwenye yuniti za mia na kitu, sisi tuna "ni" moja inayofanya kazi zote, nyumbani, mezani, shuleni, kwahiyo hakuna kanuni utakayomfundisha ikamfunika kote, atazoea kwa kuziona zimekaa mahali pake mara nyingi.

Kasoro nyingine ni mifano yake ni ya maisha ya Uingereza. Si kosa, kimeandikwa kule, lakini mtoto wa Morogoro au Tabora anakutana na hali ya hewa isiyo yake na likizo zisizo zake na anaanza kupambana na picha kabla hajafika kwenye sarufi. Ndo maana nasisitiza zile sentensi tano za mwisho ziwe za kwao, za kisima, za daladala, za mahindi, za mechi ya Simba na Yanga, chochote anachokijua. Halafu kuna hili la saa, naomba mliangalie sana. Mtoto akisoma "at 8 o'clock" kichwani kwake ni saa nane, anaona mchana, watu wanakula ugali, kumbe hadithi inaongelea saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Sentensi anaielewa neno kwa neno ila kisa chote kimepinda. Mimi nilimpa kazi ya kuandika ratiba yake ya siku nzima kwa saa za Kiingereza, kuanzia kuamka mpaka kulala, ikaisha hiyo.

Sasa twende kwenye kusoma, maana hapa ndo watu wanaachia njiani. Unakuta mtoto kafanya yuniti sitini za sarufi, kapata vizuri, ukimpa aya moja ya kitabu cha geography anasimama kwenye mstari wa pili. Sababu ni kwamba mazoezi ya sarufi ni sentensi moja moja, kila moja inasimama peke yake, hakuna mahali unatakiwa ukumbuke mstari wa kwanza ulisema nini ili uelewe wa tano. Kusoma ni misuli tofauti kabisa. Na kitabu cha Murphy hakijawahi kujidai kwamba kinafundisha kusoma, kwahiyo msikilaumu.

Tulichotumia sisi ni African Storybook. Ni tovuti ya hadithi za watoto, iliwekwa hewani 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hadithi nyingi zimeandikwa na Waafrika kwa lugha za Kiafrika na Kiingereza, na Kiswahili kipo cha kutosha. Kila kitu ni bure na leseni yake inaruhusu udaunlodi, uchapishe, ugawe, hata utafsiri. Kilichonifanya niipende ni vitu viwili. Kwanza hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuna ya maneno ya kwanza, kuna ya sentensi za kwanza, kuna ya aya za kwanza, aya ndefu, halafu za kusomewa kwa sauti, kwahiyo unamweka mtoto kwenye ngazi inayomfaa si pale darasa lake linaposema. Pili hadithi nyingi unaipata kwa lugha zote mbili, anaisoma ya Kiingereza kwanza, akimaliza anafungua ya Kiswahili anajisahihisha mwenyewe alielewa nini na hakuelewa nini, hana haja ya kunisubiri mimi nirudi kutoka kazini. Mtu mwenye mtoto wa sekondari anaweza kuona hizi ni hadithi za chekechea, na mtoto mwenyewe siku ya kwanza alikunja uso, nikamwambia soma kwa sauti unitafsirie, alipofika ngazi ya tatu akaacha kulalamika kwa sababu aliona kazi ipo. Ngazi ya nne na ya tano zina Kiingereza cha kutosha kabisa kwa fomu wani. Bando inayotumika ni ndogo, unadaunlodi chache mara moja anasoma bila intaneti.

Kuna na Global Storybooks ya watu wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada, wao wamechukua hadithi 40 kutoka hiyo hiyo African Storybook wakaziwekea sauti, kwahiyo mtoto anasikia neno linatamkwaje huku analiona. Kwa nyumba ambayo hakuna mtu wa kumsahihisha matamshi hii ni msaada mkubwa mno.

Namna ya kusoma nayo ina maana. Raundi ya kwanza hakuna kamusi. Asome mpaka mwisho, maneno asiyoyajua ayaruke, aangalie picha, akisie. Raundi ya pili achague maneno matano tu, si ishirini, yale ambayo bila hayo kisa hakieleweki, hayo ndo anafungua kamusi ya TUKI. Raundi ya tatu anifungie kitabu anisimulie, akianza kwa Kiswahili sawa, baadaye kwa Kiingereza kibovu sawa, baadaye kinanyooka chenyewe. Watoto wetu wamefundishwa kwamba kusoma ni kutafsiri kila neno, ndo maana wanachoka kwenye aya ya kwanza.

Halafu kuna tabia moja ya kwenye maswali ya ufahamu ambayo nimeiona kwa huyu na kwa wenzake wanaokuja kusoma naye. Nilimwandikia kifungu kifupi, Juma katumwa mnadani kuuza mbuzi. Mwisho wake unasema hivi: "Juma counted the money again. It was not enough. He thought of his father's face. He sat under the mango tree until dark." Swali: "Why did Juma not go home?" Akaandika, "Juma did not go home because he sat under the mango tree until dark." Sentensi safi kabisa, sarufi haina kosa hata moja, na jibu si lenyewe. Kachukua sentensi ya mwisho kaigongea because. Wote wanafanya hivi, wanatafuta neno la swali kwenye kifungu, wakilikuta au wakikuta lililo karibu nalo wanakopi mstari. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mpwa wangu, wewe ungekuwa Juma ungeogopa nini? Akajibu hapo hapo, "Baba angenipiga, hela haijatimia." Nikamwambia basi hilo ndo jibu, hebu liandike kwa Kiingereza. Akaandika "He was afraid of his father because the money was not enough." Kumbe kisa kilikuwa kimeingia vizuri tu, kilichokosekana ni ile imani kwamba anaruhusiwa kutumia akili yake kwenye Kiingereza. Tangu hapo kila swali la why anajibu kwanza kwa Kiswahili mdomoni, ndo anaandika. Kama kuna kitu kimoja mzazi asiyejua Kiingereza hata kidogo anaweza kumsaidia mtoto wake, ni hiki, muulize akusimulie na umuulize kwa nini.

Akishapanda kidogo kuna BBC Learning English, ile 6 Minute English ni dakika sita na maandishi yake yapo unasoma huku unasikiliza, ila hiyo ni ya fomu tuu kwenda mbele, kwa fomu wani ni nzito. Na waliopo Dar msisahau Maktaba Kuu pale Bibi Titi, mikoani nako kuna maktaba za mkoa, vitabu vyembamba vya Kiingereza chepesi vipo na mtoto akikaa mle Jumamosi moja anatulia kuliko nyumbani kwenye simu na wadogo zake. Wenzetu wa Kenya nao nadhani kingewafaa, maana pepa ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina ile aya yenye nafasi kumi za kujaza, na pale sarufi peke yake haikufikishi, usipoelewa kisa unajaza neno sahihi kisarufi lakini halina maana.

Nikipewa nyota, chekundu nakipa nne kati ya tano kwa kazi yake ya sarufi, hiyo moja nimeitoa kwa sababu mtoto akiwa peke yake kabisa bila mtu wa kumsomea zile sentensi zake, kinamwacha njiani. African Storybook nayo nne, hadithi nyingine tafsiri zake hazijanyooka sana kwa sababu watu wengi wanachangia, soma kwanza wewe kabla hujampa.

Kwenye kununua sasa. Angalia jalada limeandikwa with answers, kuna toleo lisilo na majibu ambalo ni la kutumia darasani na mwalimu, hilo nyumbani halikusaidii. Kuna kingine kinaitwa Basic Grammar in Use, hicho ni ndugu yake wa Kimarekani, shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza kwahiyo chukua Essential. Kile orijino bei yake imechangamka, najua, na mtaani kuna nakala za kopi kila kona, nimeziona nyingi, baadhi zimechapwa nyeusi na nyeupe na hapo unapoteza zile rangi zinazoonyesha maneno ya kuangalia, na nyingine kurasa zimerukwa. Ukipata cha mtumba cha orijino kwa wauza vitabu wa barabarani ni bora zaidi, hata kama ni toleo la tatu la 2007, sarufi ni ile ile. Kabla hujatoa hela fungua nyuma uhakikishe majibu yapo mpaka yuniti ya 115, halafu fungua katikati uone kama mwenye nacho wa kwanza hajaandika majibu kwa kalamu ya wino. Kama kaandika kwa penseli haina neno, utafuta.